UZI: Walimu wa Kiingereza vyuo vya sanaa na dizaini, mbona hawa watoto tunawafundisha kama watu wa uhasibu?

Mwl_Penseli (mtoa mada)

Wakuu salama? Hili jambo nimelibeba muda sasa, acha nilitue hapa nisikie na wengine mnasemaje.

Nafundisha Kiingereza chuo fulani, jina liacheni. Madarasa yangu ni watu wa uchoraji, grafiki, mitindo na ushonaji, na wachongaji wachache. Silabasi niliyokabidhiwa ni ya komunikesheni skilzi, ileile anayosoma mtu wa uhasibu na mtu wa manunuzi: memo, barua ya kuomba kazi, kumbukumbu za kikao, aina za mawasiliano, vikwazo vya mawasiliano. Kijana kaacha nusu ya kanvasi haijaguswa kabisa na ana sababu zake, anatafuta namna ya kuzieleza, wewe unamkalisha aandike memo kwenda kwa afisa utumishi. Muhula unaisha memo anaijua, kazi yake hawezi kuisemea.

Halafu ofisini tunaambiana hawa wa sanaa ni wagumu wa lugha. Wagumu gani jamani? Kijana huyohuyo mkute kwenye kompyuta, atakwambia fungua leya mpya, shusha opasiti, weka maski, eksipoti pidiefu, tangu asubuhi anafanya kazi kwa Kiingereza na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho nacho ni Kiingereza. Wengi wamepita njia yetu ya kawaida, msingi kwa Kiswahili kama ilivyo tangu 1967, kidato cha kwanza ghafla kila kitu kinageuka Kiingereza, wakakariri nukuu za baiolojia miaka minne bila kuelewa, wakatoka na woga tu. Woga si ugumu.

Mimi siku hizi somo naanzia mezani kwake, kwenye kile anachokitengeneza wiki hiyo. Nitoe mfano wa rangi. Nawaambia waje na rangi na sahani, daftari baadaye. Nyekundu ukiitia nyeupe ni tint, ukiitia nyeusi ni shade, ukiitia kijivu ni tone. Ukiandika ubaoni watanakili na kesho wamesahau. Sasa mimi nawapanga wawili wawili, mmoja ana kipande cha rangi nimemkatia kwenye gazeti, mwenzake hakioni, yeye ndo ana brashi. Mwenye kipande anatoa maelekezo kwa Kiingereza tu mpaka rangi zifanane: add some white, a bit more, stop, now it's too pale, add a touch of yellow. Darasa zima kelele kama stendi. Mtu aliyekuwa anachanganya very na too tangu kidato cha kwanza hapo anaielewa mwenyewe, maana rangi ikiwa very pale inaweza kuwa ndiyo hasa iliyotakiwa, ikiwa too pale lazima urudi kuiongezea nyekundu, na mwenzako anakuangalia. Mimi sijasahihisha mtu, sahani imesahihisha.

Jingine ni hizi in, on na at. Sisi tuna -ni moja inafanya kazi zote, ukutani, mezani, mlangoni, sandukuni. Mwanafunzi ataandika in the wall there is a painting, na mwalimu wa kawaida atapiga kalamu nyekundu apite. Kwa msanii hilo si kosa dogo, in the wall ni kazi nyingine kabisa, maana yake umebomoa ukuta ukaipachika humo ndani! Nawakalisha mgongo kwa mgongo, mmoja kashika picha, mwingine karatasi na penseli. Picha za Tingatinga zinafaa sana kwa hili, mnyama mmoja mkubwa katikati, ndege pembeni, majani, madoadoa. Mwenye picha anaeleza, mwenzake anachora anachosikia. In the foreground, in the top left corner, facing right, behind the leopard, overlapping. Wakimaliza tunabandika vyote viwili. Ndege akitokea juu ya chui badala ya nyuma yake tunajua sentensi gani ilikosewa, tunairudia, tunaendelea.

Hoja yangu basi, Kiingereza cha hawa watu kitoke kwenye kazi ya mikono yao na kirudi kwenye kazi hiyo. Memo tuwaachie wenye maofisi. Nawasilisha.

StikaNaMabango

Mwalimu umegusa penyewe. Mimi nina ofisi ya uchapaji Kariakoo, nachukua vijana wa fildi kila mwaka. Dizaini wanajua, wengine wananizidi. Shida inaanza mteja anapotuma brifu, yaani maelezo ya kazi anayotaka, kwa imeili, mteja wa shirika la nje au kampuni ya Nairobi. Kijana anaisoma mara moja, anaona logo, anaona rangi, anaanza kazi. Kumbe kwenye brifu imeandikwa two rounds of revisions, yaani marekebisho ni mara mbili tu, yeye hajaelewa revisions ni nini kwa hiyo mteja anabadilisha mara ya saba na dogo bado anasema sawa bosi. Hiyo hela inapotea kwa sababu ya Kiingereza, siyo kwa sababu ya dizaini.

Na kuna kosa moja karibu wote wanalo. Wanaandika I will send it until Friday. Si unajua sisi tunasema "hadi Ijumaa nitakuwa nimekutumia", basi wanaipeleka hivyohivyo. Mzungu akisoma hiyo anashangaa, atakuwa anatumiwa tu mfululizo mpaka Ijumaa ifike? Inatakiwa by Friday. Kineno kidogo hivyo lakini ndo dedilaini yenyewe.

Mwalimu ukipata nafasi wafundishe kusoma brifu na kuuliza maswali kabla ya kugusa kompyuta. Saizi ngapi, itachapwa au ni ya mtandaoni, rangi ni CMYK (za kuchapa) au RGB (za skrini), bleed, ile ziada ya kukatwa pembeni, milimita 3 ipo au haipo. Haya maneno wanayajua ila kuyaweka kwenye swali la adabu kwa mteja ndo mtihani. Wanaandika what size?? basi, kama wanagombana.

HadibodiMbili

Samahanini ila mimi napingana na uzi mzima. Edward Saidi Tingatinga huyohuyo mnayemtolea mfano alianza kuchora 1968 hapa Dar, hadibodi na rangi ya enameli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na kaacha mtindo unaolisha watu mpaka leo. Picha zilikuwa zinauzwa kule Oysterbay bila ukurasa wa maelezo. Mnunuzi anaona chui, anampenda chui, anatoa hela. Haya mambo ya msanii lazima aandike insha ya Kiingereza ndo tumeletewa juzijuzi na watu wa magalari na maombi ya ufadhili, na sisi tumeyapokea kama sheria. Kwa nini mtu asijieleze kwa Kiswahili akatafutiwa mkalimani? Mjapani akionyesha kazi yake huko duniani mbona anaongea Kijapani.

Mwl_Penseli

@HadibodiMbili nakuelewa na sehemu nakubali. Darasani kwangu kriti ya kwanza ya kila kazi, yaani kukaa kuijadili, tunafanya kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe, mwanga na kivuli, uwiano, mizani ya picha, umbali. Mtu asiyeweza kuisemea kazi yake kwa Kiswahili Kiingereza hakitamuokoa, ataokota maneno tu. Ila mkalimani analipwa na nani? Fomu ya maombi ya residensi, zile nafasi za msanii kukaribishwa mahali akafanyie kazi, ipo mtandaoni usiku wa manane na inafungwa kesho. Dogo wa Mbagala hana mkalimani, ana simu na bando la kuvizia.

MchongaMwenge

Nichangie kidogo kwa upande wetu wachongaji. Pale Mwenge kila mtu anamwambia mtalii this is ebony. Mpingo kwa Kiingereza ni African blackwood, jina la kitaalamu Dalbergia melanoxylon, ndo mti huohuo wanaotengenezea klarineti na oboe huko Ulaya. Ebony ni miti mingine, jamii ya Diospyros. Zamani ilikuwa haina shida, nyeusi ni nyeusi. Lakini tangu Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia iko kwenye orodha ya CITES, yaani ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mnunuzi anayesafirisha mzigo mkubwa wa vinyago anatakiwa makaratasi na kwenye makaratasi jina la mti lazima liwe sahihi. Sasa risiti imeandikwa ebony, kibali kinasema Dalbergia, hapo umemtengenezea mteja wako balaa forodhani.

Nilipoambiwa hilo na mnunuzi nikaenda kumtafuta mtoto wa dada yangu anasoma chuo anisaidie kuandika vile vikaratasi vya kuning'iniza. Akaniandikia made from black tree. Nikamwambia mwanangu, mti mweusi hata mimi naweza, unasoma nini huko chuoni? Akanijibu mjomba tunasoma memo 😂😂

Mwl_Penseli

😂😂 Mjomba umenimaliza. Hicho kikaratasi ndo somo langu la wiki nzima sasa, nakiiba. Jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo. Sculpture, African blackwood, carved from a single piece, urefu mara upana kwa sentimita. Mistari minne tu lakini ndani yake kuna carved from, kuna painted on, kuna made of, na kila kimoja kina kihusishi chake.

SarufiKwanza

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa siku nyingi, nimestaafu. Vijana mnapenda michezo darasani, rangi, kukaa mgongo kwa mgongo, sawa wanafunzi wanachangamka. Ila ukimpa huyo mwanafunzi aandike aya moja atakuandikia my mother he is standing. Sarufi haifundishwi kwa kelele. Wapeni nyakati, wapeni viwakilishi, wapeni zoezi, sahihisha, rudia. Sisi tulifundishwa hivyo na Kiingereza tunakijua.

Mwl_Penseli

Shikamoo mwalimu. Sarufi siikatai hata kidogo, nauliza tu inaingilia mlango gani. Hilo la he na she ni kweli kabisa, sisi yeye ni yeye, mama yeye, baba yeye, mtu anatoka nyumbani hana kabisa tabia ya kuchagua. Ukimpa sentensi 20 za kujaza nafasi atazipata zote 20 halafu akiongea anarudia palepale. Nikimsimamisha mbele ya picha yenye watu wengi, harusi kwa mfano, aeleze nani anafanya nini na wenzake wanyooshe kidole kwa anayetajwa, akisema he vidole vyote vinaenda kwa bwana harusi wakati yeye alimkusudia bibi harusi. Anajirekebisha kabla sijafungua mdomo.

Nyakati nazo zimo. Ukieleza kilichomo ndani ya picha unatumia wakati uliopo, the woman stands by the well. Ukieleza ulivyoitengeneza ni wakati uliopita, I cut the khanga into strips and glued them onto the board. Wanafunzi wanazichanganya mno na ukiwaonyesha kwamba wakati mmoja ni wa picha na mwingine ni wa mikono yako wanaelewa. Nawapa peni za rangi mbili, sentensi za picha wapige mstari wa bluu, sentensi za mikono mstari wa kijani. Ukikuta kitenzi kimevaa rangi isiyo yake unakihoji. Hilo ni zoezi la sarufi mwalimu wangu, tena gumu, ila limevaa nguo za kazi.

SarufiKwanza

Marahaba. La bluu na kijani nimelipenda. La kelele bado.

Msanii254

Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya mnatuona tunajua Kizungu so mnadhani hii shida hatuna. Tunayo, imevaa suti tu. Art and Design ni somo la KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, mtoto anatoka shule Kizungu anacho, anaingia chuo, siku ya kriti unamuuliza hii kazi inahusu nini anakwambia my work explores identity and the human condition. Kila mtu explores identity! Ukimuuliza wapi hapa kwa picha, anaangalia viatu.

Kuna jamaa wawili, Alix Rule na David Levine, 2012 walichambua matangazo ya maonyesho yanayotumwa na e-flux, jukwaa la sanaa la mtandaoni, kwa imeili, wakasema hii si Kiingereza ya kawaida, ni lahaja yake, wakaibatiza International Art English. Visual inageuzwa visuality, global inakuwa globality, na sentensi inasomeka kama Kifaransa kilichotafsiriwa vibaya. Sasa huyo mtoto wa Kisumu akienda kuomba nafasi anaiga hiyo lugha, anadhani ndo Kizungu cha wasanii, na wa Dar naye anaiga ya wa Kisumu. Mwalimu, hapo ndo nataka unisaidie, unawatoaje huko? Juu wakipata ChatGPT siku hizi ndo imekuwa mbaya zaidi, statement zote, yaani yale maelezo ya msanii kuhusu kazi yake, zinatoka na sura moja.

Mimi kwa workshop zangu natumia yale maswali matatu ya Philip Yenawine na Abigail Housen, ile Visual Thinking Strategies ya makumbusho. Ni nini kinaendelea kwa hii picha? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Nini ingine tunaweza kuona? Hilo la pili ndo linawamaliza wasee.

Mwl_Penseli

@Msanii254 karibu sana ndugu. Hilo swali la pili natumia pia, what do you see that makes you say that, na nimeligeuza kuwa zoezi la maandishi. Mwanafunzi anakuja na statement yake, tunasimama mbele ya kazi, anasoma sentensi moja moja, kila akisoma ananyoosha kidole mahali sentensi hiyo inapoonekana. Identity iko wapi? Nyoosha. Hapo kwenye kadi ya kupigia kura uliyoibandika? Basi sema I pasted my grandmother's voter card in the corner. Sentensi isiyo na pa kunyooshea inakatwa. Binti mmoja alikuja na ukurasa mzima umejaa liminal na discourse, ikabaki mistari mitatu, na hiyo mitatu ilikuwa ya kwake kweli, kuhusu namna mama yake anavyokunja kanga kabla ya kuiweka sandukuni. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mawili ya artiko (a na the), tukayarekebisha, ikaisha.

ChatGPT sijapiga marufuku kwa sababu siwezi. Wakileta alichoandika tunakipitisha kwenye kidole hichohicho. Kinakuwaga kifupi sana kikimaliza safari.

UziNaSindano

Naomba kuuliza mwl, mimi nipo mwaka wa pili mitindo. Sisi hatuna picha ukutani, tuna nguo. Na maneno ya ushonaji tumeyajulia kwa fundi, rinda, pindo, mshono wa ndani, kwapa, nikifika kwenye moduli ya Kiingereza sijui hata nianzie wapi. Halafu tumeambiwa tuandike maneno 150 kuhusu koleksheni yetu, Jumatatu.

Mwl_Penseli

@UziNaSindano pole mdogo wangu na usiogope. Vaa nguo yako moja au ivalishe dami, chukua simu, rekodi sauti kwa Kiswahili ukiieleza kama unamweleza fundi mwenzako aliyeko Mwanza ambaye haioni na anatakiwa aishone. Umetumia kitambaa gani, umekikata vipi, kinaanguka vipi mwilini, mshono uko wapi, kwa nini kwapa umeliacha kubwa. Usiseme inspiresheni bado. Sikiliza, chagua mambo manne ambayo nguo nyingine haina. Hayo manne ndo unayapeleka kwenye Kiingereza, sentensi fupi, I cut, I left, the fabric falls, the seam runs. Maneno ya fundi: mshono ni seam, pindo ni hem, mkunjo wa kubana kiuno ni dart, marinda ni pleats. Maneno 150 ni machache kuliko unavyodhani, utajikuta unapunguza.

Sababu ya kuifanya koleksheni weka mwishoni, sentensi moja au mbili. Tuma hapa Jumapili tuipitie, na StikaNaMabango atakusaidia ile ya kwenye lebo.

StikaNaMabango

Nipo. Ila dada ulete by Sunday, siyo until Sunday 😂

HadibodiMbili

Mimi bado nasema Mjapani anaongea Kijapani. Ila huyo binti atume, nitasoma.